Punda wa Parokia na Daktari Aliyechelewa



Wapendwa ndugu katika Kristo,

Juma hili hatutaandika juu ya masomo ya Dominika kama ilivyo desturi yetu. Tutaandika juu ya punda. Wapo watakaotabasamu, lakini swali tuliloletewa baada ya Misa ya pili Dominika iliyopita ni swali la haki na la dhamiri, nalo limeigawa Halmashauri yetu ya Walei kwa majuma matatu sasa. Je, tumwache daktari wa mifugo aliyetuhudumia kwa miaka tisa, kwa sababu siku moja tulipomhitaji sana hakutufaa?

Wengi wenu mnawafahamu punda wanne wa parokia. Ndio wanaoleta maji ya shule ya awali, ya nyumba ya masista na ya jiko la mapadre wakati wa kiangazi, na ndio waliobeba mchanga wa kujengea kigango chetu cha mlimani ambako gari halifiki. Mkubwa wao, jike ambaye watoto wa shule walimpa jina la Mama Maji, alikuwa na mimba. Jioni moja ya mwezi Julai mwaka huu, siku mbili baada ya mahindi kupukuchuliwa, mlango wa ghala ulisahauliwa wazi. Saa nne usiku mlinzi alimkuta Mama Maji amesimama peke yake nyuma ya ghala, kichwa kimeinama, masikio yamelegea, akigeuka mara kwa mara kuutazama ubavu wake. Hakupiga kelele wala hakugaagaa. Ndani ya ghala, gunia moja lilikuwa limepasuliwa na nusu yake imeliwa.

Tulimpigia daktari simu saa nne na nusu. Iliita bila kupokelewa. Tukapiga tena saa tano, saa sita na saa nane usiku, na safari hizo simu ilikuwa imezimika. Daktari alifika kesho yake saa nane mchana. Hakumpima mnyama joto, hakusikiliza moyo wala tumbo, hakuufunua mdomo kutazama rangi ya ufizi. Alimdunga sindano moja, ambayo baadaye tulielewa kuwa ni ya antibiotiki, akasema atapona, akapokea malipo yake, akapanda pikipiki yake na kwenda zake. Mama Maji alikufa kabla ya jua kuzama, na mimba aliyoibeba ikafa pamoja naye.

Katika Halmashauri zilisikika sauti tatu. Ya kwanza ilisema: tumwache leo hii, na waumini wote waambiwe wamwache, maana aliyelala wakati wa dharura hafai hata wakati wa amani. Ya pili ilisema: miaka tisa si mchezo, huyu ndiye aliyeokoa ndama wa masista, ndiye anayechanja mbwa wa kijiji kizima dhidi ya kichaa cha mbwa, na kumfukuza kwa kosa moja ni kuthibitisha kwamba shukrani ya punda ni mateke, tena mateke yenyewe yakiwa yetu sisi tusio punda. Ya tatu ilikuwa sauti ya upole, nayo ndiyo iliyotutia mashaka zaidi. Ilisema: tusimwambie neno, tusimwudhi, ni mkristo mwenzetu, safari nyingine tumwite tu mwingine, naye ataelewa mwenyewe.

Kabla ya kujibu, yatupasa kuliondoa neno moja lililosemwa pembeni, kwamba padre anapoteza muda kwa kulilia mnyama. Tuna methali isemayo, punda afe mzigo ufike. Methali hiyo huenda ilisemwa kwa kutia watu bidii, lakini ikichukuliwa kuwa kanuni ya ufugaji ni methali ya ukatili. Kitabu cha Mithali, sura ya 12, chamtambua mtu mwadilifu kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake. Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, chaamuru kwamba hata punda wa adui yako akianguka chini ya mzigo usimpite, bali umsaidie. Bwana wetu mwenyewe, alipobishana na mkuu wa sinagogi juu ya Sabato, alitumia mfano wa ng'ombe na punda wanaofunguliwa zizini wakanyweshwe maji, kama tusomavyo katika Luka 13. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kuanzia namba 2415 hadi 2418, yafundisha kwamba tunaruhusiwa kuwatumia wanyama, ila kuwatesa bila sababu ni kinyume cha hadhi ya binadamu. Mtakatifu Martino wa Porres, mtawa wa Lima aliyefariki mwaka 1639, aliwahudumia wagonjwa maskini wa mji wake na wanyama waliojeruhiwa kwa moyo ule ule, wala Kanisa halikuona aibu kumtangaza mtakatifu mwaka 1962. Basi jambo hili ni letu.

Tena haki hudai kwamba kabla ya kumhukumu daktari tujikague wenyewe. Tumewauliza wenye ujuzi, na yale waliyotueleza tunayaandika hapa kwa faida ya kila mwenye punda.

Punda, kama farasi, hawezi kutapika. Akila nafaka nyingi kwa mara moja, nafaka hiyo huchachuka katika utumbo mpana, hewa hujaa, na sumu huanza kuingia katika damu. Asipokufa kwa tumbo, aweza kuharibika kwato asisimame tena. Zaidi ya hayo, punda huficha maumivu. Farasi mwenye msokoto wa tumbo hujitupa chini, hugaagaa na kutoka jasho. Punda husimama tu, hanuni kitu, hataki kula. Twasema mficha maradhi kifo humuumbua, na punda ni mfichaji mkubwa wa maradhi. Anapoonekana mgonjwa kidogo, aghalabu ni mgonjwa sana. Punda mzima aliyetulia, moyo wake hupiga mara 44 hivi kwa dakika, na joto lake ni kama nyuzi 37. Mapigo yakipanda mno na ufizi ukibadilika rangi, kila saa ni ya thamani. Dawa ya kutuliza maumivu, maji ya kumrudishia nguvu, na mpira mwembamba unaopitishwa puani hadi tumboni na mtu aliyefundishwa, hayo ndiyo yanayoweza kumwokoa. Naye punda jike mwenye mimba akikaa bila kula hata kwa siku chache, mafuta ya mwili wake huweza kumwagika katika damu na kumwua, hata kama tumbo limepona.

Sasa sikieni makosa yetu. Mlango wa ghala ni wetu, si wa daktari. Usiku ule, kwa kukata tamaa, mmoja wetu alimnywesha Mama Maji mafuta ya kupikia kwa chupa. Tumeambiwa kwamba mafuta hayo yangeweza kuingia mapafuni na kumwua kabla ya mahindi kumwua. Tena, kwa miaka tisa hatukuwahi kumwuliza daktari: usipopatikana, tumpigie nani? Tulikuwa na namba moja ya simu na tumaini kubwa.

Yako pia mambo ya kumtetea daktari. Daktari wa mifugo husoma miaka mitano, kama vile pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kisha hutupwa katika eneo lenye vijiji vingi na barabara mbaya, pamoja na mabwana mifugo wachache wa kumsaidia. Anapofika, mwenye mifugo hulalamikia bei ya petroli. Twasahau mapema mema ya watu hawa. Sotoka, ugonjwa uliofagia ng'ombe wa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890 na kuacha njaa nyuma yake, ulitangazwa kuwa umetokomezwa duniani mwaka 2011. Hakuna ugonjwa mwingine wa wanyama uliowahi kutokomezwa hivyo, na kazi hiyo ilifanywa na watu kama yeye, wakitembea zizi kwa zizi na chanjo mabegani. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, atutaka tumheshimu tabibu kwa kuwa naye ameumbwa na Bwana. Hatuoni sababu ya kumtoa tabibu wa wanyama katika heshima hiyo.

Hata hivyo, heshima haifuti wajibu. Lazima tutenganishe mambo mawili ambayo katika Halmashauri yalichanganywa kila mara. Kutofika usiku ni jambo moja. Mtu mmoja hawezi kuwa mahali pawili, naye ni kiumbe anayechoka. Kufika mchana na kuondoka bila kumgusa mgonjwa ni jambo jingine kabisa. La kwanza laweza kuwa bahati mbaya. La pili, lisipokuwa na maelezo, ni uzembe. Aliyesema tumwache kwa sababu ya usiku alikosea sababu. Aliyesema tumsamehe kwa sababu ya miaka tisa hakuutazama mchana.

Hapa hatuna budi kusema jambo letu wenyewe, maana bila hilo maneno yetu yatakuwa mepesi. Miaka kadhaa iliyopita, tukiwa bado paroko msaidizi katika parokia nyingine, usiku mmoja tuliizima simu kwa sababu ya uchovu. Asubuhi tulikuta jumbe tatu. Mzee mmoja alikuwa akiomba Mpako wa Wagonjwa. Tulipofika kwake, watu walikwisha kukaa matanga. Binti yake alitupokea kwa adabu, akatupa kiti, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Baba Padre, tulipiga simu mara tatu." Hakuongeza neno. Hakutusema kwenye jumuiya, wala hakuhamia parokia ya jirani. Alituambia sisi, uso kwa uso, katika nyumba yenye maiti. Tangu siku hiyo, kila mahali tulipotumwa, mlangoni pa ofisi huwa pamebandikwa namba mbili za simu, yetu na ya padre wa parokia jirani. Katika maisha yetu ya upadre tumekwisha kuhudhuria mafungo mengi, lakini ni machache yaliyotugeuza kama sentensi ile.

Kwa sababu hiyo twasema waziwazi kwamba, kwa maoni yetu, sauti ya tatu, ile ya upole, ndiyo iliyo mbaya kuliko zote. Kumwacha daktari si dhambi. Mnyama ni wako, fedha ni yako, na mateso ya kiumbe asiyeweza kusema yana haki ya kukufanya utafute msaada ulio bora. Lakini kumwacha kimya kimya, ukimsalimia mlangoni pa kanisa na kumsema sokoni, ni kumnyima haki yake ya kujua kosa lake, na ni kumwacha akaua punda wa jirani kwa kosa lile lile. Tumezoea kuuita ukimya huo upendo. Sisi twauona kuwa ni woga uliovaa kanzu ya upendo. Bwana ametupa utaratibu katika Mathayo 18: mwendee ndugu yako mkiwa wawili tu, asiposikia, chukua mmoja au wawili zaidi, asiposikia tena, liambie kanisa. Hakusema tuanze na kanisa, wala hakusema tusianze kabisa.

Basi tuliufuata utaratibu huo. Jumanne jioni tulimwendea daktari nyumbani kwake, bila mwenyekiti wala katibu. Tulimweleza saa za simu moja moja, tukamweleza yale tuliyoyaona mchana, tukamwambia kwamba tumekuja kusikia kabla ya kuamua. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Padre, usiku ule nilikuwa bonde la pili kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Simu iliita mikono yangu ikiwa ndani ya ng'ombe, baadaye ikaisha chaji. Asubuhi nililala, kisha nikapitia wateja wawili njiani kabla ya kuja kwenu. Kwa hilo nisameheni. Lakini la mchana sina la kujitetea. Ng'ombe namjua. Punda wa tumbo sijamtibu tangu nilipokuwa chuoni. Watu walikuwa wamenizunguka, nikaona aibu kusema sijui."

Ndugu wapendwa, tuliondoka pale tukiwa na jambo ambalo hakuna hata mmoja katika Halmashauri aliyelifikiria. Kwa majuma matatu tulikuwa tukijadili kama daktari ni mwema au mbaya, mwaminifu au mzembe. Yeye mwenyewe alitupa jibu lingine: kwa ng'ombe ni hodari, kwa punda hajui, na aibu ndiyo iliyomfanya ajifanye ajua. Kama tungemwacha kwa kelele, angejitetea. Kama tungemwacha kimya, asingesema. Tungepoteza daktari mzuri wa ng'ombe, na punda wa vijiji vingine wangeendelea kudungwa sindano zisizo na maana.

Alitaka kuturudishia malipo ya siku ile. Mwenyekiti aliposikia alisema tukatae, ili tusionekane wagumu. Sisi tulizipokea fedha hizo. Anayetubu na kutaka kufidia, tukimkatalia kwa upole wa uongo, twamnyima sehemu ya amani yake. Ndivyo tunavyofundisha katika sakramenti ya Kitubio, na hatuoni kwa nini isiwe hivyo zizini.

Uamuzi uliopitishwa na Halmashauri Jumamosi ni huu. Ng'ombe na mbuzi wa parokia, pamoja na chanjo ya mbwa, vitabaki kwa daktari wetu wa siku zote. Punda watahudumiwa na daktari wa mji wa jirani, ambako mikokoteni ni mingi na punda wagonjwa ni jambo la kila juma. Gharama ya safari yake ni kubwa, nasi tumekubali kuibeba. Madaktari wote wawili wametupa namba ya pili ya kupigia wasipopatikana. Ghala limewekwa kufuli, na ufunguo unakaa kwa mtu mmoja anayejulikana. Mlinzi amefundishwa kuhesabu mapigo ya moyo wa punda na kutazama ufizi, ili anapopiga simu aseme kitu chenye maana. Daktari wetu ameomba awepo siku mwenzake atakapokuja, apate kujifunza. Ameliomba mwenyewe, hatukumsukuma.

Huenda mtu akauliza: je, kama angekasirika? Kama angesema uongo, akawatupia lawama wengine, au kama jambo hili lingekuwa la mara ya tatu? Tungemwacha kabisa, kwa moyo mweupe, tukimwambia sababu. Katika mfano wa mtini usiozaa, Luka 13, mtunza shamba aliomba mwaka mmoja tu zaidi, tena aliomba ili aupalilie na kuutia mbolea, si ili aendelee kuutazama. Uvumilivu usio na jembe ni uzembe wetu sisi. Na pale penye madhara makubwa yanayorudiwa, hapa Tanzania liko Baraza la Veterinari, lililoundwa kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, nalo lina mamlaka ya kusikiliza malalamiko. Kupeleka malalamiko ya kweli huko, baada ya kumwambia mhusika, si kukosa upendo. Kunawalinda wanyama wa wengine.

Tunawaachia swali la juma hili katika jumuiya zenu ndogo ndogo. Kila mmoja wetu ana mtu aliyemwacha kimya kimya: fundi, mwalimu wa mtoto, muuza duka, pengine kiongozi wa jumuiya, pengine paroko wake. Je, yupo miongoni mwao ambaye bado hajui kwa nini ulimwacha? Na wewe mwenyewe, yupo aliyekuacha kwa sababu uliona aibu kusema sijui?

Mama Maji amezikwa nyuma ya bustani ya masista. Watoto wa shule ya awali waliuliza kama tutamwombea. Tuliwajibu kwamba tutamshukuru Mungu kwa maji yote aliyotuletea, na kwamba tutawaombea wale waliopaswa kumtunza. Walielewa mara moja kwamba ni sisi.

Mungu mwema, uliyetukabidhi viumbe wako wasioweza kusema, utupe macho ya kuona maumivu yao, ujasiri wa kuambiana ukweli, na unyenyekevu wa kuupokea. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakieni Dominika njema.

Paroko wenu